Cofete: ufukwe wa kutembea, si wa kuogelea

Picha za Cofete hazidanganyi. Mchanga wa rangi ya dhahabu kweli unakwenda mpaka macho yanachoka, mlima nyuma yake kweli umesimama kama ukuta, na watu kweli ni wa kuhesabu kwa vidole. Ila kuna mambo matatu ambayo picha haiwezi kuyaonyesha: upepo, barabara, na tabia ya bahari yenyewe. Mtu anayekwenda na taulo, nguo ya kuogelea na chupa moja ya maji hukaa saa moja, akarudi na mchanga machoni. Anayekwenda na viatu vizuri, kofia yenye kamba na ratiba ya saa za maji kupwa na kujaa hushinda huko kutwa, na bado hafiki mwisho wa ufukwe.

Cofete iko Fuerteventura, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, kiasi cha kilomita 100 tu kutoka pwani ya Afrika. Ni latitudo ya 28 kaskazini, kwa hiyo hali ya hewa ni ya nusutropiki: jua kali, mvua haba, na bahari yenye ubaridi kuliko unavyotarajia ukiiona ilivyo buluu. Mwezi wa Februari na Machi maji huwa na nyuzi 18 au 19. Septemba na Oktoba, ambayo ndiyo miezi ya maji ya vuguvugu, hufika 22 au 23.

Kusini magharibi mwa kisiwa kuna rasi ya Jandía, nayo ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande wa Sotavento, maana yake upande uliokingwa na upepo, ndiko ziliko hoteli na maji matulivu. Upande wa Barlovento ndio unaopokea upepo na mawimbi ya Atlantiki bila kizuizi chochote, na Cofete iko huko. Katikati ya pande hizo umesimama mgongo wa milima ambao kilele chake, Pico de la Zarza, kina mita 807 na ndicho kirefu kuliko vyote kisiwani. Milima hiyo ni mabaki ya volkano ya kale ambayo nusu yake ya kaskazini iliporomokea baharini. Ndiyo sababu ukuta ule umejipinda kama kipande cha bakuli lililovunjika, na ndiyo sababu hakuna barabara inayokata moja kwa moja. Ukiwa Morro Jable, Cofete iko nyuma tu ya mlima, lakini kwa gari lazima uzunguke.

Morro Jable ni mji wa mwisho wenye lami, maduka na kituo cha mafuta. Kutoka uwanja wa ndege wa kisiwa, ulio karibu na Puerto del Rosario, ni safari ya gari ya saa moja na zaidi kidogo kuelekea kusini. Kuna pia kivuko cha kasi kutoka Las Palmas kwenye kisiwa cha Gran Canaria, kinachotia nanga Morro Jable kwenyewe baada ya kama saa mbili. Kwa wanaohitaji visa, inayotumika ni ya Schengen, kwa kuwa visiwa hivi ni Hispania. Jaza mafuta Morro Jable, nunua maji na chakula hapo hapo, na pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mbele mtandao unakuja na kupotea.

Kutoka hapo kuna njia tatu za kufika Cofete.

Ya kwanza ni gari lako au la kukodi. Barabara ya vumbi inaanzia karibu na bandari na ina kama kilomita 20 mpaka kijijini. Kwa mwendo wa busara ni dakika 45 mpaka saa nzima. Mwanzoni inafuata pwani ya kusini kuelekea ncha ya rasi, kisha takriban nusu ya njia kuna njia panda: kushoto ni Punta de Jandía, kulia ni Cofete. Baada ya kupinda kulia unapanda hadi kwenye mwanya wa mlima, unakuta sehemu ya kutazamia, halafu unashuka upande wa pili kwa kona za kubana ambazo upande mmoja ni mwamba na mwingine ni hewa tupu.

Kabla ya kugusa barabara hiyo na gari la kukodi, soma mkataba. Kampuni nyingi kisiwani huandika wazi kwamba bima haifanyi kazi nje ya lami. Maana yake ni kwamba ukichana tairi au ukipasua sampu ya oili, gharama zote ni zako, pamoja na za kulivuta gari. Zipo chache zinazoruhusu, hasa kwa magari yenye kunyanyuka, lakini ruhusa iwe imeandikwa. Maneno ya mtu wa kaunta si bima.

Barabara yenyewe haihitaji gari la magurudumu manne yanayovuta. Magari madogo huenda kila siku. Inachohitaji ni subira. Changarawe imejikunja kuwa matuta madogo madogo yanayofuatana, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo tairi zinavyoruka juu ya matuta hayo badala ya kushika chini. Dereva hudhani anaelea vizuri, kumbe breki na usukani havina tena cha kushika, na kona ikija gari linaendelea mbele. Kaa kati ya kilomita 20 na 30 kwa saa. Ukishuka kutoka kwenye mwanya, tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo, maana breki zikichemka hupoteza nguvu. Mkikutana sehemu nyembamba, anayeshuka amsubiri anayepanda pale penye upana, na mwenye basi mpishe tu, hata kama haki ni yako. Hakikisha gurudumu la akiba lipo na lina upepo, na jeki na spana ya nati vipo. Magari mengi ya siku hizi hutoka na kopo la povu la kuziba tundu dogo, na kopo hilo halifanyi lolote kwa tairi iliyochanwa ubavuni na jiwe.

Kwenye ile sehemu ya kutazamia juu ya mwanya, ambako ufukwe wote unajifunua kwa mara ya kwanza, kila mtu husimama. Hapo upepo unabanwa kati ya milima miwili na kutoka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Egesha gari pua ikiuelekea upepo. Ukiuwekea mgongo, mlango utanyakuliwa mkononi na bawaba zitapinda. Fungua mlango mmoja kwa wakati mmoja, la sivyo karatasi, kofia na risiti zote zitashuka Cofete kabla yako.

Njia ya pili ni basi la laini ya 111, linalotoka Morro Jable kwenda Cofete na Punta de Jandía. Si basi la kawaida bali ni kama lori la nyikani lililowekewa viti, na kwa anayeogopa maporomoko ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Safari zake ni chache kwa siku, kwa hiyo angalia ratiba ya msimu husika, wahi kituoni kwa sababu viti vikijaa vimejaa, na beba fedha taslimu. Kabla ya kushuka Cofete, muulize dereva saa ya kurudi na mahali hasa pa kusubiri. Ukikosa la mwisho, umebaki nyuma ya mlima.

Ya tatu ni miguu. Njia yenye alama za PR FV 55 inaanzia bonde la Gran Valle, kilomita chache nje ya Morro Jable, inapanda hadi kwenye mwanya uitwao Degollada de Cofete, mita 340 hivi juu ya bahari, halafu inashuka kijijini. Ni saa mbili hadi mbili na nusu kwenda, na muda huo huo kurudi. Si ngumu, lakini haina kivuli hata cha kichaka kimoja. Bondeni utaona mimea minene yenye miiba iliyokusanyika kama dungusi. Huo ni mtupa wa Jandía, Euphorbia handiensis, usioota kwa asili mahali pengine popote duniani. Usiukate wala kuushika, kwani utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia machoni ni hospitali.

Sasa bahari, maana hapa ndipo watu hufia.

Cofete pamoja na ufukwe wa Barlovento unaofuatia ni zaidi ya kilomita 10 za mchanga unaotazama Atlantiki wazi. Hakuna mwamba wa matumbawe mbele, hakuna kisiwa kidogo cha kuvunja nguvu ya wimbi. Wimbi lililoanzia kwenye dhoruba ya mbali kaskazini linafika hapa na nguvu zake zote, na mara nyingi linavunjika karibu kabisa na ukingo, mahali ambapo mteremko wa mchanga ni mkali. Linapovunjika hapo, maji yanapanda ufukweni na kurudi kwa kasi chini ya wimbi linalofuata. Mtu aliyesimama na maji ya magotini husombwa miguu, anaanguka, wimbi la pili linamfunika, na yanayorudi yanamvuta pale ambapo hagusi chini. Yote hayo huchukua sekunde chache. Kuogelea vizuri hakusaidii sana mtu aliyekwisha kupigwa chini.

Kisha kuna mikondo ya kuvuta kwenda nje. Maji yote yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na hutafuta sehemu yenye kina kirefu kati ya mafungu ya mchanga. Hapo hujikusanya kuwa kama mto unaoelekea bahari kuu, na kasi yake inaweza kupita mita 2 kwa sekunde, ambayo hakuna muogeleaji anayeishinda. Ukisimama juu kidogo ya ufukwe na kutazama kwa dakika kumi, utauona: ni pale ambapo mawimbi hayavunjiki vizuri, maji ni meusi zaidi, uso wake umechafuka, na povu linakwenda nje badala ya kuja ndani. Kwa bahati mbaya, kwa asiyejua, hapo ndipo panapoonekana pametulia kuliko kwingine, na hapo ndipo anapochagua kuingia.

Kwa hiyo kanuni ya Cofete ni maji ya kifundo cha mguu, basi. Usiipe bahari mgongo hata ukipigwa picha. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu bahari inaweza kutulia dakika kadhaa na kukushawishi kwamba imepoa. Weka vitu vyako juu ya mstari wa majani na takataka zilizoachwa na maji ya mwisho. Mstari huo ndio unaokuonyesha maji yalifika wapi, bila kukisia. Watoto washikwe mkono.

Ikitokea umevutwa, usipambane kurudi moja kwa moja. Elea, pumua, inua mkono. Mkondo hauzamishi mtu chini, unampeleka nje tu, na ukishapita eneo la mawimbi nguvu yake hupungua. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, kisha rudi kwa pembe pale ambapo mawimbi yanavunjika. Kwa walio nchi kavu, jambo gumu zaidi ni kutoingia. Katika ajali nyingi za namna hii anayekufa ni yule aliyekwenda kuokoa. Tupa kitu chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, piga 112, namba ya dharura, na kama simu haishiki mtume mmoja wenu mbio kijijini huku mwingine akiendelea kumtazama aliye majini bila kugeuza macho. Usitegemee kumkuta mwokoaji ufukweni.

Hayo yote yanabadilika kwa saa za maji, na hapa anayejua bamvua na maji mafu ana faida kubwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 2. Maji mafu tofauti ni ndogo zaidi. Mwendo wake hauko sawa: ukiigawa tofauti ya maji katika sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 2.4 hiyo ni sentimita 20, 40, 60, 60, 40, 20. Anayeangalia maji katika saa ya kwanza na kuona hayajasogea hukosea hesabu, kwa sababu katika saa ya tatu na ya nne pekee yatapanda mita 1.2, na pale ufukwe unapokuwa na mteremko mdogo hiyo ni hatua nyingi sana za mchanga zinazopotea.

Panga kufika ufukweni saa mbili au tatu kabla ya maji kukauka kabisa. Utakuwa na mchanga mgumu wa kutembelea unaposonga mbele, na muda wa kutosha kurudi kabla ya kujaa. Mchanga mgumu haupo ukingoni kabisa, ambako maji bado yanabubujika na mguu unazama, wala juu palipokauka. Uko katikati, pale unyayo unapoacha alama isiyo na kina na mchanga unapauka kidogo ukiukanyaga. Wakati wa maji kujaa unalazimika kutembea kwenye mchanga mkavu, na kilomita moja huko inachosha kuliko mbili za chini.

Kutoka pa kuegesha, elekea kaskazini mashariki, upande wa El Islote, mwamba uliounganishwa na ufukwe kwa ulimi wa mchanga na ambao ndio mpaka kati ya Cofete na Barlovento. Sababu ya kuchagua upande huo ni upepo. Upepo wa pasati huvuma kutoka kaskazini mashariki karibu mwaka mzima, kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Ukianza nao usoni ungali na nguvu, utarudi nao mgongoni umechoka. Walioanza kwa kusukumwa ndio wanaoonekana jioni wakirudi wameinama, mchanga ukiwachapa miguuni. Suruali nyepesi ndefu huondoa kero hiyo kabisa. Usipande El Islote maji yakiwa yanajaa.

Upepo huo huo hudanganya ngozi. Husikii joto, kumbe miale ya jua la kiangazi hapa ni mikali sana, na mchanga unairudisha juu mpaka chini ya kidevu. Mtu mzima anahitaji kama mililita 30 hadi 35 za losheni ya kukinga jua kwa mwili mzima, SPF 30 au zaidi, na kupaka upya kila baada ya saa mbili. Watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hiyo. Tena losheni mbichi pamoja na mchanga unaopeperuka hukugeuza kuwa msasa, hivyo paka ukiwa bado ndani ya gari na uiache ikauke dakika 15. Shati la mikono mirefu linashinda losheni yoyote. Mwavuli wa ufukweni usibebe. Hapa unageuka mkuki.

Maji ni lita 3 kwa kila mtu mzima kwa siku nzima, 4 kama umekuja kwa miguu. Kijijini kuna mkahawa mmoja na nyumba chache, na ukiukuta wazi, vizuri, lakini usiufanye msingi wa mpango wako.

Siku nyingine Morro Jable kuna jua tele, ukivuka mwanya unakuta Cofete imefunikwa wingu. Upepo unaotoka baharini hugonga ule ukuta, unapanda, unapoa na kuacha mawingu kwenye vilele. Usigeuze gari, kwani chini ufukweni wingu mara nyingi hupasuka mchana. Siku ya kuahirisha ni ya kalima, upepo wa joto kutoka Sahara unaoleta vumbi jepesi mpaka upeo unapotea. Ukitangazwa, achana hasa na njia ya Gran Valle.

Mkikuta puto la buluu na zambarau limelala mchangani, saizi ya kiganja, hilo ni carabela portuguesa, kiumbe wa baharini anayefanana na yavuyavu. Hata likiwa limekufa na kukauka, nyuzi zake huchoma. Aliyechomwa aoshwe kwa maji ya bahari, nyuzi ziondolewe kwa kibanio au ukingo wa kadi, si kwa vidole vitupu, na baadaye sehemu hiyo iwekwe kwenye maji ya moto ya nyuzijoto kama 45 za Selsiasi kwa dakika 20. Usisugue. Akishindwa kupumua vizuri, 112.

Eneo lote ni hifadhi ya asili, kwa hiyo gari lisitoke kwenye barabara na pa kuegesha, na kupiga hema kunahitaji kibali cha serikali ya kisiwa, Cabildo. Usilishe vindi wenye mistari wanaokuja mpaka kwenye begi. Si wa hapa, waliletwa kutoka Afrika mwaka 1965 na wamekuwa balaa kwa mimea. Kuanzia 2006 mayai ya kasa duvi kutoka Cabo Verde yaliletwa kuanguliwa kwenye mchanga huu ili kasa warudi kuzaa kisiwani, basi ukikuta sehemu imezungushiwa kamba, zunguka mbali.

Karibu na pa kuegesha kuna makaburi ya zamani ya kijiji, yaliyomezwa nusu na mchanga. Hayana ukuta wa maana na ni rahisi kuyakanyaga bila kujua. Juu kidogo ya kijiji inaonekana Villa Winter, nyumba yenye mnara ya mhandisi Mjerumani Gustav Winter. Hadithi za nyambizi za Kinazi zinazosimuliwa juu yake hazina ushahidi, lakini kuitazama kwa nje hakugharimu kitu.

Anza kurudi na saa mbili za mwanga mkononi. Desemba jua huzama kitambo kidogo tu baada ya saa kumi na mbili jioni. Juni ni karibu saa tatu usiku. Zile kona za kupanda mwanya hazina taa wala kingo, jua la jioni linakupiga kwenye kioo kilichojaa vumbi, na mbuzi hulala katikati ya barabara. Futa kioo kabla ya kuwasha gari, ndani na nje.